Injini Umeifunga Mwenyewe na Sasa Inasumbua: Anza Hapa

Umeishusha, ukapeleka bloki ikachongwa silinda, ukarudi nayo, ukaifunga usiku baada ya usiku. Leo umepiga stata na haiwaki. Au imewaka, ila inatoa moshi, inagonga, inachemsha. Mkono unakimbilia spana ufungue tena.

Usifungue kwanza. Injini iliyofungwa juzi haiumwi magonjwa ya injini iliyotembea miaka 20. Ile ya zamani huharibika palipolika. Yako itakuwa imeharibika palipogeuzwa, palipolegea, palipoingia uchafu, au palipobadilishwa kitu kimoja bila mwenzake. Watuhumiwa ni wachache na karibu wote hunaswa kwa kupima tu.

Vipimo vyenyewe ni geji ya kompresheni, taa ya taimingi, mita ya umeme, na geji ya presha ya oili yenye mshale. Taa nyekundu ya dashibodi haitoshi, kwa sababu huzimika kwa presha ndogo ambayo hailindi beringi hata kidogo. Kizima moto kiwe karibu. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Krenki imegoma, au inazunguka kwa shida

Hili ligundue injini ikiwa bado kwenye stendi. Krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikiwa peke yake, imepakwa oili na kofia zote za meni, yaani beringi kuu zinazoibeba, zimekazwa kwa toki yake (nguvu ya kukaza iliyotajwa kitabuni), mkono mtupu unatosha kuizungusha. Ukiongeza pistoni ya kwanza itakuwa nzito kidogo kwa msuguano wa ringi, ya pili itaongeza tena kidogo. Ikigoma ghafla baada ya kukaza kofia fulani, legeza hiyo hiyo uone. Ikiachia, umeshampata mchawi.

Mara nyingi kofia ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) imegeuzwa au imebadilishana na ya jirani. Namba zilizogongwa ubavuni mwa konrodi na za kofia yake hukaa upande mmoja, na kwenye injini nyingi vidomo vinavyoshika beringi ya juu na ya chini hukutana upande mmoja pia. Sababu nyingine ni chembe ya uchafu nyuma ya beringi, au beringi za ovasaizi zimewekwa kwenye krenki ambayo haikusagwa.

Kama una shaka, pima nafasi kwa ule uzi laini wa plastiki: laza kipande kwenye shingo kavu ya krenki, kaza kofia kwa toki bila kuzungusha, fungua, kisha linganisha upana uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti. Mafundi wengi hukadiria milimita 0.001 kwa kila milimita 1 ya kipenyo, yaani shingo ya milimita 50 iwe karibu na 0.05. Lakini kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Kulazimisha kwa bomba refu kutaizungusha krenki, ni kweli, na kutakwaruza beringi mpya.

Presha ya oili haipandi

Hapa usiwe na haraka, maana kila kosa jingine husamehe kidogo, hili halisamehi. Kabla ya kuwasha injini mpya kwa mara ya kwanza, toa plagi zote, kata umeme wa koili, kisha piga stata sekunde 10 hadi 15 kwa awamu, ukiipumzisha stata katikati, mpaka mshale upande. Injini ambazo oili pampu yake huendeshwa na shafti ya distribyuta ni rahisi zaidi, unaizungusha pampu kwa drili. Angalia tu drili izunguke upande uleule inaozungukia distribyuta, vinginevyo utasubiri mpaka asubuhi.

Mshale haujapanda? Kwanza badilisha geji. Geji za kuazima zimewasumbua wengi. Kisha fikiria pampu kavu. Pampu iliyofungwa bila oili ndani hushindwa kuvuta hewa iliyo kwenye bomba, ndiyo maana tunaijaza oili au mafuta mazito ya mgando kabla ya kuifunga. Kama umeisahau, mimina oili kupitia tundu la swichi ya presha kwa kichupa chenye mdomo mrefu, ujaribu tena. Tatu ni bomba la kunyonyea ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini): oringi yake ikikosekana au ikikatika, pampu hunywa hewa na mshale hutetemeka badala ya kusimama.

Na silikoni. Watu wanaoogopa kuvuja huipaka sampu silikoni kama siagi kwenye mkate. Inayobanwa kwenda nje unaiona na kuifuta. Inayobanwa kwenda ndani hukauka, hukatika na kuishia kwenye chujio la bomba la kunyonyea. Presha huwa nzuri siku ya kwanza, wiki inayofuata inashuka. Uzi mwembamba wa milimita 2 au 3 unatosha.

Injini yangu ya pili haikutoa presha kabisa. Nilibadilisha geji, nikashusha sampu, nikanunua pampu mpya, nikapoteza wikiendi mbili. Jioni moja, nikiwa nimezima redio na drili inazunguka taratibu, nikasikia mchirizo nyuma ya kava ya cheni ya taimingi, kama bomba la jikoni lisilofungwa vizuri. Karakana iliyonichongea bloki ilikuwa imetoa vizibo vya njia za oili ili kuziosha, ikanirudishia kwenye kifuko. Nilifunga vitatu. Cha nne, kidogo kama ncha ya kidole, kilikuwa kwenye kifuniko cha kopo pale dirishani, kisafi, kimepakwa na gundi ya nyuzi tayari. Tangu hapo kila kizibo ninachotoa nakiandika kwenye daftari, na siandiki "nimefunga" mpaka nimekigusa.

Presha inayoanza vizuri injini ikiwa baridi kisha kuporomoka ikipata moto ni habari nyingine. Hapo shuku nafasi kubwa ya beringi, oili nyepesi mno, au valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi kwa chembe ya chuma. Kipimo cha mitaani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika injini ikiwa moto. Injini nyingi za kawaida huishi vizuri kwa hicho.

Stata inazunguka, injini haiwaki

Stata ikizunguka kivivu ilhali betri imejaa, tafuta waya mnene wa ethi unaounganisha injini na bodi. Husahaulika kuliko kitu kingine chochote wakati wa kurudisha injini. Umeme ukikosa njia hiyo hujitafutia nyingine, mara nyingi kebo ya pedali ya mafuta. Piga stata sekunde chache, kisha gusa kebo hiyo. Ikiwa ya moto, umepata jibu, na ufunge waya wa ethi hapo hapo kabla ganda la kebo halijayeyuka.

Stata ikiwa na nguvu, maswali ni matatu: moto, petroli, wakati. Chomoa plagi moja baada ya kupiga stata. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta moto. Ikiwa kavu, tafuta mafuta. Ikiwa imelowa na moto upo, swali linabaki kuwa moto unafika lini.

Pistoni ya silinda namba 1 hupanda juu kabisa mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja ikibana hewa, mara moja ikisukuma moshi nje. Alama ya puli ya krenki huonyesha sifuri mara zote mbili. Ukifunga distribyuta kwenye ile ya pili, moto unakuja nyuzi 180 za distribyuta nje ya wakati, na injini haitawaka. Itakohoa na kurudisha miale kwenye kabureta. Ziba tundu la plagi namba 1 kwa kidole, mwenzako azungushe krenki kwa spana. Kidole kikisukumwa na hewa huku alama ikikaribia sifuri, hapo ndipo. Rota, kile kinachozunguka ndani ya distribyuta, ielekee waya wa plagi namba 1. Kisha fuata mpangilio wa kuwaka: injini nyingi za silinda nne mstari mmoja ni 1-3-4-2, nyingi za silinda sita mstari mmoja ni 1-5-3-6-2-4. Baadhi ya injini ni tofauti, angalia iliyochorwa kwenye manifoldi au kitabuni.

Kama injini yako ni ya kompyuta, anza na soketi ya sensa ya krenki na ile ya kamshafti. Zikibadilishana au pini ikipinda, kompyuta haitoi moto wala petroli.

Mkanda au cheni ikiruka jino moja, injini huwaka lakini haina nguvu. Ikiruka mengi, kwenye injini ambazo pistoni na valvu hushiriki nafasi moja, valvu hupinda. Ndiyo maana baada ya kufunga taimingi unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa ufunguo. Ikigota, simama. Mkono unaweza kusimama, stata haisimami.

Imewaka, inamisi

Fanya kipimo cha kompresheni: plagi zote nje, kabureta imefunguliwa wazi, betri imejaa, mapigo sawa kwa kila silinda. Injini ya petroli iliyo nzima kwa kawaida hutoa kati ya psi 120 na 200. Namba yenyewe si hoja sana kama tofauti. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Ringi mpya zikiwa bado hazijakaa, zote zinaweza kuwa chini kidogo, usipagawe.

Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi. Ikibaki palepale, valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepitisha kati yake. Kwa valvu, kosa la mwanafunzi ni tapeti zilizobanwa mno: valvu haikai kitako, kompresheni inapotea, na ya ekzosi huungua. Pima upya kwa fila geji kabla ya kulaumu aliyesaga viti.

Inagonga

Sikiliza inagonga mara ngapi. Mlio mwepesi wa tiki-tiki unaokwenda kwa nusu ya mwendo wa krenki unatoka juu: tapeti za kawaida, au tapeti za haidroliki ambazo bado hazijajaa oili. Za haidroliki zipe dakika kadhaa, zitanyamaza. Tiki-tiki hiyo hiyo inaweza kuwa gasketi ya ekzosi inayopuliza. Pitisha mkono karibu na kiungo injini ikiwa bado baridi, utahisi pumzi.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni jambo jingine. Chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira (si kwenye injini zenye koili za kisasa, hizo chomoa soketi ya injekta). Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, ni beringi ya konrodi hiyo. Zima. Sio "ngoja niisikilize vizuri", zima. Mlio wa meni ni mzito zaidi na husikika ukiipa mzigo. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni pistoni iliyo na nafasi kubwa ndani ya silinda. Pistoni za kufuliwa hufanya hivyo kwa tabia yake, kwa sababu hutanuka zaidi zikipata moto na hivyo hufungwa na nafasi kubwa zaidi. Kabla ya kuhukumu chini, kaza bolti za flaiwili. Zimewahi kumfanya mtu avunje injini nzima bure.

Moshi

Moshi wa bluu dakika 15 au 30 za mwanzo ni oili uliyopaka wakati wa kufunga, unaungua. Ukiendelea baada ya hapo, angalia unatoka lini. Ukitoka baada ya kushuka mteremko ukiwa umeachia mafuta, ni sili za valvu au mirija inayoongoza valvu (gaidi). Ukitoka ukikanyaga, ni ringi. Na kwenye injini mpya, ringi haziwi zimekwisha, huwa zimegeuzwa. Ringi ya pili mara nyingi ina umbo la kukwangua oili kuelekea chini. Ikiwekwa juu-chini huikwangua kuelekea juu, na hakuna mwendo wa kuizoesha utakaoirekebisha. Kidoti au neno "TOP" hutazama juu. Mianya ya ringi isikae mstari mmoja, na upana wake, kwa injini isiyo na turbo, huwa karibu milimita 0.004 kwa kila milimita 1 ya kipenyo cha silinda. Silinda ya milimita 80 itataka kama 0.32.

Sababu nyingine ya ringi kukataa kukaa ni uoga wetu wenyewe. Tunaiacha injini mpya sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, nusu saa tukiitazama. Ringi husukumwa ukutani na presha ya mwako, kwa hiyo zinahitaji mzigo: kanyaga wastani, achia, rudia, bila kufika mizunguko ya juu kabisa. Kamshafti ya tapeti bapa nayo inadai mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa muda wa kama dakika 20 za mwanzo, kwa oili yenye zinki ya kutosha. Ukiiacha sailensi, inajimenya.

Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Mweusi ni petroli nyingi.

Inachemsha

Kwanza hewa. Mfumo uliofunguliwa wote hubaki na hewa juu ya hedi, na geji inaweza kuruka ghafla au kusoma baridi wakati injini inaungua. Inua pua ya gari, fungua hita, jaza taratibu. Kile kitundu cha hewa cha themostati kiwe juu, na springi yake itazame ndani ya injini.

Kisha gasketi ya hedi. Baadhi zinaingia pande zote mbili ila ni upande mmoja tu unaofungua matundu ya maji ya nyuma. Kama bado una ile ya zamani, iweke juu ya picha ya mpya uone. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na zile za kukazwa kwa nyuzi za pembe kwa kawaida hazitumiwi tena. Tundu lisilotoboka upande wa pili likibaki na oili au maji, bolti huigandamiza: spana ya toki inasema imefika ilhali hedi haijabanwa, na bloki inaweza kupasuka. Puliza kila tundu.

Watu husahau kwamba moto uliochelewa pia huchemsha injini, kwa kuwa mwako unaendelea wakati valvu ya ekzosi imeshafunguka. Shika taa ya taimingi kabla ya kununua rejeta kubwa.

Matatizo uliyojinunulia kwa kuongeza nguvu

Sailensi inayotetemeka baada ya kuweka kamshafti kali si ugonjwa. Valvu mbili zinakaa wazi pamoja muda mrefu zaidi, mvuto wa hewa kwenye manifoldi unashuka, na breki zenye buster zinaweza kuwa ngumu. Pandisha mizunguko ya sailensi kidogo, rekebisha jeti za kabureta. Kama inapanda na kushuka yenyewe, basi tafuta hewa ya wizi kwenye gasketi ya manifoldi.

Mlio wa kokoto ndani ya kopo ukikanyaga mlimani ni mlipuko usio na mpango, nao hutoboa pistoni. Fanya hesabu ambayo ulipaswa kuifanya kabla ya kuchonga hedi. Injini ya cc 1,600 ya silinda nne ina cc 400 kwa kila silinda. Nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu, pamoja na gasketi, ikiwa cc 50, uwiano wa kompresheni ni 450 kwa 50, yaani 9. Chonga mpaka ibaki cc 45, uwiano unakuwa 445 kwa 45, karibu 9.9. Cc 5 tu, sindano moja ya hospitali, na petroli uliyozoea haitoshi tena. Rudisha moto nyuma nyuzi mbili mbili mpaka mlio ukome, au tumia petroli ya okteni ya juu, au weka gasketi nene zaidi.

Hedi iliyochongwa pia husogeza valvu karibu na pistoni. Bandika plastesini juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastesini kwa wembe upime pale palipokuwa pembamba. Watengenezaji wengi wa kamshafti hutaka milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa ekzosi.

Baada ya saa ya kwanza

Mwaga oili ikiwa bado ya moto, kata filta kwa kisu cha filta, kunjua karatasi yake chini ya taa. Unga mwembamba wa kijivu unaoshikwa na sumaku ni ringi zinazokaa, tegemea hivyo. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni aluminiamu, angalia sketi za pistoni. Vikiwa na rangi ya shaba, beringi imeshapoteza tabaka lake la juu. Hapo sasa shika spana: shusha sampu, fungua konrodi moja baada ya nyingine, na kila kofia irudi kwake kabla hujagusa inayofuata.